Kipimo cha Nane

Siku tatu kabla ya kwenda kupiga muziki mjini Beni nilinunua mega za intaneti za simu ili nipate ushahidi kwamba mpiga ngoma wetu hajui kuhesabu. Ningependa kusema nilikuwa natafuta ukweli. Hapana. Nilitaka kitu cha kumwonyesha mbele ya wenzake.

Tuko wanne, tunapiga jazz Butembo, mji ambako ukionekana na gitaa mgongoni unaulizwa wewe ni wa kwaya gani. Klabu moja ya Beni, upande wa Beu, ilikuwa imetuita Jumapili saa tisa mchana. Huko muziki huanza mapema ili kila mtu awe kwake kabla ya giza. Mwenye klabu alitutumia ujumbe wa sauti: "Kutakuwa mwalimu moya wa muziki wa Kinshasa. Anashuka na ndege Mavivi samedi. Donc mufanye bien." Nilisikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko wimbo wowote. Mufanye bien, yaani tufanye vizuri. Tangu siku hiyo kucha zangu za mkono wa kulia, ambazo mpiga gitaa anazihitaji, nilizila zote.

Wenzangu watatu walifundishwa na watu. Dada anayepiga besi alikulia katika kwaya ya parokia. Asubuhi anauza vitenge sokoni, na hata akipima kitambaa utaona midomo yake inatembea na sauti ya chini ya wimbo fulani. Mpiga saksofoni alitoka kwenye fanfare, bendi ya matarumbeta ya shule. Chombo chake kimefungwa kwa mpira wa tairi pale springi ilipokatika, naye hukishika kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Mpiga ngoma ni mwashi, amenipita umri, alijifunza katika kanisa la maombi ambamo ukipoteza hesabu mstari mzima wa mama wanaocheza unagongana. Mimi namwita yaya, yaani kaka mkubwa, yeye ananiita petit, mdogo.

Mimi nilifundishwa na kaseti. Baba ni dereva wa lori. Wakati barabara ya Kanyabayonga ilikuwa bado ya kwenda na kurudi, kabla vita havijaifunga, alipakia huko maharage na viazi, na kabinini alikuwa na kaseti moja ya jazz iliyosahauliwa na abiria. Sisi ni Waislamu, na baba si mtu wa klabu, lakini alikuwa na hoja yake: "Haina maneno, donc haina zambi." Nilipopata gitaa niliichukua ile kaseti. Nilikuwa nairudisha nyuma kwa kalamu ya biki, natafuta sauti moja, narudisha tena. Wimbo wa kwanza ulinichukua karibu mwaka.

Karibu na mwisho wa wimbo huo kuna mahali ambapo muziki unaruka, kama mtu anayeshuka ngazi akakosa kidato. Nilipapenda mahali hapo kupita wimbo wote. Niliamini kwamba hiyo ndiyo jazz yenyewe, kule kukosa kidato bila kuanguka. Sikuwa na mtu wa kumuuliza, kwa hiyo nilijijibu.

Tulipokuwa kundi niliwafundisha wimbo ule, nikasema ndio tutakaofungua nao. Besi akaushika. Saksofoni akaushika. Mpiga ngoma akafika kila mara akiwa amechelewa kipimo kimoja, yaani yale mapigo manne unayohesabu kwa mguu. Sisi tumeshaanza upya, yeye bado yuko kule nyuma.

"Ni vipimo saba," nilimwambia.

"Petit, mwili yangu inasikia nane."

"Mwili yako iko kanisani, yaya. Huku ni jazz. Tena."

"Tena" lilikuwa neno langu. Nililisema miezi minne, mkono juu, bila kumtazama. Wale wawili mwanzoni walicheka, baadaye wakaacha. Jumatano ile, kwenye mazoezi, nilimwambia mbele yao kwamba kama hawezi kufika saba tutatafuta mtu anayefika. Aliweka vijiti vyake ndani ya mfuko mmoja na mwiko wake wa kazi, akasema, "Sawa, chef." Hakuwa amewahi kuniita chef, yaani bosi.

Kwa hiyo Alhamisi nikanunua mega. Niliweka simu karibu na redio, ikaisikiliza kaseti, ikanipa jina la wimbo, na kwa mara ya kwanza maishani nikausikia mzima. Nilihesabu kwa kidole juu ya meza. Nane. Nikarudisha. Nane. Nikatafuta watu wengine walioupiga wimbo huohuo. Wote nane. Na ile sehemu niliyoipenda haikuwepo. Mahali pake palikuwa na sauti moja ndefu, halafu kimya kidogo, halafu wimbo uliendelea kama maji.

Wazo langu la kwanza halikuwa yaya. Nitasema tu lilivyokuwa: niliwaza kwamba wenzangu hawana mega.

Baba alikuwa uani anasafisha fimbo ya oili kwa kitambaa.

"Baba, ile kaseti ya lori, uliifanya nini?"

"Kaseti? Redio ilikula bande kule Kanyabayonga. Nikakata ile yenye ilipondeka, nikaunga na cutex ya mama yako."

"Ulikata utepe kiasi gani?"

"Kidogo tu." Akaninyooshea kidole cha kati, cheusi kwa oili. "Kama hii. Sababu gani? Ilikuwa inaharibika?"

"Hapana, baba. Ilikuwa muzuri."

"Unaona! Miaka yote hapana mutu aliona." Akacheka, akarudi kwenye fimbo yake.

Ijumaa sikumwambia mtu. Nilipangusa gitaa. Nilibadilisha nyuzi ambazo hazikuhitaji kubadilishwa, kisha nikarudisha za zamani. Nilifanya hesabu za mwoga: nikisema, watanidharau na Jumapili itaharibika. Nisiposema, tutapiga wimbo wenye shimo mbele ya mtu wa Kinshasa atakayelisikia shimo hilo mara moja. Katika hesabu zote hizo yaya hakuwemo.

Jumamosi asubuhi tulikutana kwa mazoezi ya mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Hata sentensi nilikuwa nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika. Kabla sijafungua mdomo tulianza wimbo, tukafika kwenye ule mruko, na ngoma ikaruka pamoja nasi. Safi. Mara ya kwanza kwa miezi minne. Tukarudia, akaruka tena. Dada wa besi alipiga kelele, "Eeeh! Wasingya!" kama anamshukuru mama mkwe, na mpiga saksofoni akampiga yaya begani.

"Nimeipata, chef," alisema. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Juma hii yote nilikuwa naweka matofali saba, naruka, naweka saba. Mwenye nyumba akaniuliza sababu gani naongea na ukuta."

Walicheka. Nilicheka pia. Nilisema, "Bien." Ni neno baya kupita yote niliyowahi kumwambia.

"Weye unagonjwa?" dada aliniuliza wakati wa kufunga vyombo. "Leo hausemi 'tena'."

Jumapili tuliondoka na gari la kukodi, ngoma kubwa juu ya paa imefungwa kamba kama mbuzi. Nilikaa kati ya yaya na mlango. Mguu wake ulikuwa unagonga sakafu ya gari: saba, kuruka, saba, kuruka. Njia nzima. Nilijaribu kutazama nje, lakini goti lake lilikuwa linanigusa na sikuweza kusikia kitu kingine. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari alionyesha kisanduku cha saksofoni.

"Oyo nini? Bazooka?"

"Saksofoni, chef."

"Beta, tóyoka," alisema kwa Lingala: piga, tusikie.

Mwenzetu alishuka akapiga wimbo wa kanisa, mfupi. Askari akatikisa kichwa polepole. "Mbona ya huzuni hivi? Munaenda kwenye kilio?" Akafungua njia.

Saa saba na nusu tulikuwa Beu. Klabu ilikuwa ua wenye paa la bati, viti vya plastiki vimepangwa bado vikiwa na maji ya kuoshwa. Mama mmoja alikuwa anafuta meza. Mwalimu wa Kinshasa alikuwa hajafika. Yaya alikuwa amepiga magoti akifunga kanyagio la ngoma, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Nikaona sitaweza kusimama karibu na midomo ile kwa muda wa saa moja na nusu.

"Yaya, ni nane," nilisema.

Hakuinua kichwa. "Nini ni nane?"

"Wimbo. Ni nane tangu mwanzo. Kaseti ilikatwa. Baba aliikata, mimi nikajifunza pale ilipokatwa. Najua tangu Alhamisi."

Dada wa besi aliacha kufungua waya. Mpiga saksofoni alitazama ardhi. Yaya alisimama, akapangusa magoti, akanyoosha mkono. Nikampa simu. Alisikiliza kwa kisikilizi kimoja sikioni, akigonga vidole juu ya ngozi ya ngoma kwa upole, mpaka mwisho. Halafu akasikiliza mara ya pili.

"Tangu jeudi," alisema.

"Njo," nilikubali.

"Na jana ukaniambia bien."

Nilitaka atukane. Angetukana ningejua mahali pa kuweka mikono.

"Mais, sasa tutapiga namna gani?" mpiga saksofoni aliuliza. "Tubakie na saba. Tumeshajifunza. Tutasema ni style ya Butembo."

"Nane," yaya alisema. Alikaa kwenye kiti chake, akachukua vijiti. Dada akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu besi hufuata ngoma, na mpiga saksofoni akavaa mkanda wake shingoni. "Shika gitaa, petit."

Tulianza. Kipimo cha saba kilipoisha mkono wangu uliruka wenyewe. Wale watatu walikuwa bado ndani ya ile sauti ndefu, na gitaa langu likabaki peke yake mbele, uchi.

Yaya alisimamisha ngoma. Hakunitazama.

"Tena."

Ndani ya kipimo kile hakuna kitu cha kupiga. Ni kungoja tu, mapigo manne, mkono juu ya nyuzi. Nilijua hivyo kichwani, nilihesabu kwa sauti, na mkono ukaruka.

"Tena."

Mama wa meza aliacha kitambaa chake akawa anatutazama. Watu wa kwanza walikuwa wanaingia, wanafuta viti kwa mikono kabla ya kukaa. Mmoja wao alikuwa na koti na mkoba wa ngozi, na sikuthubutu kuuliza ni nani.

"Usimuangalie," yaya alisema chini kwa chini. "Niangalie miye. Tena."