Kiti, Mlango, Sanduku

Nilifika Cyangugu nikiwa na miaka ishirini na miwili, baada ya safari ya siku kumi na tisa ambayo ilipaswa kuwa ya siku sita. Vita vya kwanza vya Kongo vilikuwa vimekwisha, vya pili havijaanza, na sisi Wanyarwanda tuliozaliwa Katanga tulikuwa tukirudi mmoja mmoja katika nchi ambayo hatukuwahi kuiona. Treni kutoka Lubumbashi ilikaa siku nne porini karibu na Kabalo ikingoja kichwa kingine. Kalemie nililala bandarini mpaka ikapatikana boti ya kwenda Uvira. Kutoka Uvira nilipanda juu ya lori la chumvi hadi Kamanyola, nikavuka mpaka kwa miguu.

Niliifurahia safari hiyo yote, hata zile siku za porini. Ninalisema hilo mapema kwa sababu mwenyeji wangu aliliona usoni mwangu kabla sijaweka mfuko chini.

Alikuwa mjane aliyeishi mtaa wa Gihundwe, rafiki wa utotoni wa marehemu mama yangu, na nilimwita Maman kama walivyomwita wote. Aliuza termosi, sufuria na vikombe, lakini hakuwa na duka. Kila wiki mwanamke mmoja alifungua sebule yake na kuwaalika majirani, Maman akaja na sanduku lake jekundu, akapanga vyombo mezani, wakazungumza, wakanywa chai, wakanunua. Mwenye nyumba alibaki na chombo kimoja cha shukrani. Mali ilitoka kwa mama mmoja wa Kigali ambaye sikuwahi kumwona.

Chai ndiyo iliyofanya kazi. Maman aliichemsha alfajiri, akaifunga katika termosi, na saa tisa mchana aliifungua mbele ya watu. Mvuke ulipanda mpaka kwenye macho yao.

Nilianza kwa kumbebea sanduku. Siku moja tukiwa njiani alinieleza mambo yalivyo.

"Ku kazi hii kuko bantu ba namna tatu. Kuko ba kiti. Banakuya, banakaa, banakula biskuti, banarudi kwabo. Sibakatai. Kuko ba mulango, bale banafungua nyumba yabo. Na kuko ba sanduku."

"Basi mimi niko wa sanduku," nilisema. Lilikuwa kichwani mwangu.

"Wewe unabeba sanduku. Baiskeli pia inabeba."

Juu ya kabati lake kulikuwa na sanduku la pili, la kijani, ambalo lilikuwa halijawahi kutoka nyumbani. Lilikuwa la yule ambaye Maman angemchagua kufanya kazi peke yake. Nililitaka. Sijui kama nilitaka kazi yenyewe au kutembea vilimani na kitu changu mkononi, lakini nililitaka kiasi cha kulifuta vumbi bila kutumwa.

"Ile usiangalie," Maman alisema. "Siwezi kuipatia mutu wa treni. Nitaamuka asubui nisikie sanduku yangu iko Bujumbura."

"Nifanye nini uniamini?"

"Fungua mulango kwanza. Mutu akiwa na mulango, bantu banajua fasi ya kumukuta."

Nikapanga chumba Kamembe, katika ua wa fundi cherehani Mwislamu. Mke wake aliposikia nataka kualika wanawake alicheka. Kijana bila mke, na wanawake nyumba nzima? Lakini alikubali kukaa mlangoni na ushonaji wake ili watu wasiwe na la kusema, akaniazima mkeka na viti vinne.

Walikuja kumi na mmoja. Nilikuwa nimechemsha chai alfajiri, maziwa na tangawizi, kama Maman. Niliieleza termosi vizuri: jinsi ya kuiosha, jinsi inavyomfaa mwenye mgonjwa hospitali au anayetoka shambani jioni. Saa tisa nikaifungua. Mvuke ukapanda. Nikamimina, nikampa kila mmoja kwa mikono miwili, nikasimama pembeni kuwatazama.

Hakuna aliyekunywa.

Walishika vikombe vyao na kuzungumzia maharage. Walisifu rangi ya termosi. Mama mmoja mzee kutoka Gashonga aliweka chake chini ya kiti, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha wakanishukuru, wakaenda zao. Nilionja chai iliyobaki. Ilikuwa tamu.

Nilimsimulia Maman kesho yake nikiamini kwamba tatizo ni tangawizi.

"Wewe ulikunywa?" aliuliza.

"Mimi nilikuwa nauza."

"Mbele yabo, wa kwanza, ulikunywa?"

Niliposema hapana alicheka mpaka akafungua kitambaa cha kichwa na kujifutia machozi. Wiki zote zile nilikuwa nimemwona akijimiminia kwanza na kunywa kabla ya kumpa yeyote. Nilidhani anapima sukari. Wakati mwingine, Mungu anisamehe, nilidhani ni uroho. Mama yangu, ambaye angenifundisha desturi za kwao, alifariki nikiwa mdogo, na baba yangu, fundi wa reli, hakuwa na wageni.

"Mwenye nyumba anakunywa kwanza," Maman alisema alipotulia. "Bote baone hakuna kitu mubaya ndani. Hapa, bamoja balitoka Kongo juzi, bengine Burundi, bengine habakutoka kabisa. Nani anajua nani? Na wewe unabapatia chai yenye ilifungwa tangu asubui, kisha unasimama unabaangalia midomo."

Kwa kweli nilikuwa nimewaangalia midomo.

Mke wa fundi ndiye aliyewarudisha. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia kwamba kijana amekulia kwenye mabehewa, hajui kitu, wamhurumie. Walikuja tisa. Yule mama wa Gashonga alichagua kiti cha mbele.

"Leo utakunywa?" aliuliza kabla sijagusa termosi.

"Nitakunywa, Mama."

"Yote?"

"Kikombe kizima."

"Tunaangalia," alisema, na wote wakacheka.

Nikamimina. Nilikuwa na hamu kubwa ya kuaminiwa hivi kwamba nilisahau ninauza nini. Nikapiga funda kubwa. Chai ya alfajiri iliniunguza ulimi mpaka kooni, machozi yakanitoka, na sikuweza kutema mbele ya wanawake tisa. Nilimeza.

"Eee," alisema yule mama. "Ile termosi inatunza moto kweli."

Ndiye aliyenunua ya kwanza. Binti yake alikuwa karibu kujifungua, na alitaka uji wa moto wa kumpelekea hospitali. Baada yake wengine wakanywa, taratibu, wakipuliza na kunitazama ulimi.

Nilifungua mlango wangu mara mbili zaidi, kisha Maman akashusha sanduku la kijani. Alipanga vyombo ndani mwenyewe, akanikabidhi.

Niliibeba kazi hiyo miaka miwili na ushee. Vita vya pili vilianza ng'ambo ya mto. Wakati mwingine tulisikia milio ya risasi upande wa Bukavu, kisha mwanamke mmoja akauliza kama sufuria ndogo zimekwisha. Nilipanda vilima vya Gashonga katikati ya migomba, nikaitwa kwa jina barabarani. Sijawahi kuishi mahali watu walipojua pa kunikuta kama pale.

Lakini kila basi la Kigali lilipopiga honi Kamembe, nilihesabu viti vilivyo wazi. Asubuhi moja nilijikuta nimeshakunja nguo zangu.

Nilimrudishia Maman sanduku likiwa limejaa. Nilimwambia kwamba mke wa fundi ameshafungua mlango wake mara nyingi kuliko mimi.

"Huyo nilishamuweka mu kichwa zamani," alisema. Alilipokea, akaliinua kidogo kupima uzito, akaliweka chini. "Haikufika Bujumbura."

"Haikufika, Maman."

"Basi kaa."

"Basi linaondoka..."

"Kaa ku kiti. Leo uko mugeni."

Nikakaa. Akaleta termosi, akajimiminia, akanywa polepole akinitazama juu ya kikombe. Kisha akanimiminia mimi, akanipa kwa mikono miwili. Nilipuliza, nikanywa mpaka chini, kwa sababu mtu wa kiti hana kazi nyingine, kisha nikaaga na kwenda kupanda gari.