Darasa la Chumba cha Kufulia

Kila nikifungua mashine ya kukaushia nguo hapa kwangu Irving, ile hewa ya moto yenye harufu ya sabuni hunipiga usoni, nami narudi kuwa na miaka tisa. Wenzangu wengi hukumbuka shule kwa harufu ya chaki. Yangu mimi ilinukia soksi safi.

Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mama na mimi, tukapangishiwa vyumba viwili ghorofa ya pili katika nyumba chakavu za mji wa Haltom City, huku ng'ambo. Upande mmoja wa maegesho tulikaa sisi Wakongo, upande wa pili Wahaiti, na katikati kilikuwa chumba cha kufulia cha wapangaji wote. Nusu ya mashine zilikuwa mbovu. Humo ndimo Madame Yolette, jirani yetu Mhaiti, alimofungua darasa. Asubuhi alitandika vitanda katika hoteli karibu na uwanja wa ndege. Saa kumi jioni alivua raba za kazini, akavaa viatu vyake vya ualimu, vyeusi vyenye kisigino, akatungoja kando ya meza ya kukunjia nguo.

Kwao alikuwa na shule aliyowafungulia watoto wa mtaa wake. Tetemeko la ardhi liliibomoa. Alilisema hilo mara moja tu, tena haraka, kisha akatuambia tufungue madaftari.

Kila mtoto alikuja na kiti chake, kama tulivyozoea kambini. Mimi nilikuja na ndoo, nikaipindua na kuikalia. Madame alipitisha kidole chini ya mstari, na ukikosea hakukaripia. Alisema tu "encore", yaani tena, nawe unarudia mpaka litoke. Alitutaka tuingie wawili wawili, tusipige kelele, tusimsumbue anayefua. Nilidhani ni adabu tu.

Nisiwafiche: nilikuwa sijui kusoma. Shuleni walimpa mama barua kwamba nisipofaulu mtihani wa kusoma mwisho wa mwaka nitarudia darasa. Mama aliikunja ndani ya Biblia, kana kwamba Mungu ndiye aliyetakiwa kuitia sahihi. Alikuwa na mtoto mmoja na tumaini moja, na yote mawili yalikuwa juu ya ile ndoo.

Februari herufi zikaanza kushikana, na jioni moja nikamsomea mama maneno ya kwenye pakiti ya unga. Furaha ya mama yangu haikai bure, lazima imtume mahali. Akawakusanya wazazi wawili wengine, akakaanga mandazi beseni zima, akavaa kitenge cha Jumapili, akanishika mkono.

"Hatuwezi kusomesha batoto kwa nyumba ya mutu bila kumupigia hodi," alisema. "Ni kukosa heshima."

Kambini ndivyo ilivyokuwa. Hata mazoezi ya kwaya hayakufanyika bila kumwarifu mkuu wa eneo. Basi tukaenda ofisini kwa meneja wa nyumba, mkalimani nikiwa mimi. Madame hakuambiwa. Mama alitaka kumpelekea heshima iliyokwisha kukamilika.

"Mwambie Mungu amubariki," mama alisema, "sababu ametupatia nafasi ya masomo."

Nikatafsiri. Meneja, kijana mpole, aliacha kutafuna andazi tulilompa. Akaniuliza watoto ni wangapi. Sikumngoja mama.

"Ishirini na watatu," nilisema kwa majivuno. "Kila siku."

Akaandika. Akamaliza andazi lake, akasema ni tamu. Jioni ile mama alimsimulia Madame, kwa Kifaransa chake cha kuungaunga, jinsi tulivyopokewa vizuri. Madame alimshika mikono yote miwili, akamshukuru, kisha akaketi. Hakuwahi kuketi wakati wa kufundisha.

Siku mbili baadaye tukakuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa. Tulisimama na viti vyetu baridini. Mama naye alikuwa amekuja na kapu la nguo, pamoja na wale wazazi wawili. Madame aliisoma karatasi kimya, kisha akaniita.

"Soma. Kwa sauti."

Nikasoma. Kwamba kuanzia leo chumba ni cha kufulia tu. Kwamba watoto bila mzazi hawaruhusiwi. Nilikwama kwenye neno moja refu la Kiingereza.

"Encore."

Likatoka. Nikaendelea: hakuna mikutano, hakuna masomo, mlango utafungwa saa kumi. Nikashuka mpaka chini, mpaka jina la meneja, peke yangu, kwa mara ya kwanza maishani. Madame akapiga makofi. Wenzangu wakamfuata, ingawa watoto wakubwa walikuwa wameshaelewa na walipiga polepole. Mama, aliyesikia tu Kiingereza kikitiririka kinywani mwangu, alitua kapu na kupiga vigelegele vilivyofika ofisini.

Kisha akauliza, "Inasema nini?"

Madame akaniwahi. Akamwambia kwa Kifaransa kwamba mashine zitatengenezwa, kwa hiyo darasa linahamia ngazini.

"Muko naona!" mama akawaambia wenzake. "Yule mukubwa ni mutu muzuri."

Ngazini upepo ulitutawanya. Mwezi wa nne tulibaki watano, Madame akikohoa kila baada ya sentensi. Shule ilipofungwa alihamia Houston kwa dada yake, na hakuna aliyeshika nafasi yake. Mimi nilifaulu.

Wakati ule nilidhani Madame alidanganya kwa kumwogopa mama, maana wengi walimwogopa. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba pale mlangoni alikuwa anapoteza shule kwa mara ya pili, mbele ya watu waliompotezea, na dakika ile akaitumia kunisahihisha neno moja. Halafu akamwachia mama furaha yake nzima.

Mama bado huwasimulia wageni habari za meneja aliyewapa watoto nafasi ya kusoma, na hamalizi bila kurudia vile vigelegele. Akifika hapo mimi huinuka kwenda kuchemsha chai. Yeye alipeleka mandazi tu. Ishirini na watatu nilisema mimi.