Sauti ya Mwalimu mu Simu Yangu

Kama unataka kununua nyumba ya kupangisha mu Bukavu, enda kuiona siku ya mvua. Miye niliiona wakati ya jua, saa sita, vumbi inaruka. Ule komisioneri, dalali aliyenitembeza, alikuwa ameshika kiuno sawa vile njo yeye alijenga: "Maman, angalia ukuta! Gonga, maman! Gonga tena!" Nikagonga. Nikacheka, juu nilikuwa nishajua kumuiga, na mutu akinichekesha ninamuaminiaka bure. Sikupanda kule juu kwa jirani kumuuliza maji ya mvua yake inaendaka wapi. Ilikuwa inaendaka kwangu.

Huku kwetu banachimbaka mulima, banasimamisha nyumba pale, ukuta ya nyuma inaegemea udongo. Mvua ikinyesha, udongo inakunywa, chumba ya nyuma inatoka jasho, kiisha maji inatembea chini.

Lokateri, mupangaji wangu wa kwanza, alikuwa mwalimu, mumama wa Walungu. Alikuwa anasemaka neno moja, anangoja, neno ingine, sawa vile anaandikia batoto ku tablo. "Maman. Chumba ya nyuma. Inalia." Nilikuwa ninamuiga mbele ya bajirani mupaka banashika tumbo. Siku moja alinikuta ndani ya ile muchezo. Alicheka yeye wa kwanza. Aliningojea nichimbe mufereji nyuma ya nyumba. Nilisema kesho, nikasema kiisha Pasaka. Mwishoni alirudi kwao, akapata kazi ya kufundisha kule.

Nyumba ikabaki bure. Kukaja mushonaji, mudada wa Katana, na mashine yake. Ule anasemaka mbio, hata hapumui: "Maman nyumba iko muzuri lakini miye ninashonaka kanzu za batoto za komunyo ya kanisa kitambaa yote nyeupe maji hapana maman! Nipatie numero ya mutu aliyekuwa hapa, nimuulize miye mwenyewe."

Ni swali ya mutu mwenye akili. Leo batu bakiniomba shauri juu ya kupanga, njo ile ninabaambiaka: muulize aliyetoka. Lakini siku ile ilinichoma. Simu yangu iko na laini mbili. Nikamupatia numero ya ile ingine, nikaingia kwangu, nikafunga mulango. Ikalia.

"Aloo? Njo maman mwalimu? Ile chumba ya nyuma iko namna gani?"

Nikangoja kidogo, vile mwalimu anangojaka.

"Dada. Ile nyumba. Iko kavu."

"Na maman bayeresi, ule mwenye nyumba? Iko mutu muzuri?"

"Anasemaka mingi. Lakini. Roho iko muzuri."

Nilikata, nikacheka peke yangu mupaka machozi ikatoka. Niseme ile pia, nisifiche: nilicheka.

Mushonaji akaingia mu nyumba. Komunyo ilikuwa imekaribia wakati mvua kubwa ilinyesha asubuhi, yeye iko ku soko kutafuta uzi. Alirudi akakuta maji nyekundu chini, na kanzu zilizoning'inia ku ukuta zimekunywa udongo mupaka kifua. Bamaman ba batoto bakakuja ku mulango: "Mushonaji, ya mutoto yangu njo hii?" Yeye anainamisha kichwa, anajibu pole, pole, pole.

Angenitukana ingekuwa heri. Alinishika mukono: "Wewe maman ulinipatia numero na roho safi. Ni ule mwalimu alinidanganya. Na anafundishaka batoto!" Aliambia bale bamaman bote. Jumapili, mu lupango, kiwanja ya kanisa, nikasikia mumoja wa Walungu anasema, "Eh! Ule mwalimu tunamujua, kumbe iko muongo vile?" Uso yangu ikawaka sawa vile nimeinama ku mbabula ya makaa. Na nikanyamaza. Jumapili ya pili tena, nikanyamaza.

Nilichimbisha mufereji. Ilikuwa kazi ya siku tatu tu, hata hiyo ni haya. Nilileta kitambaa ingine nyeupe, mushonaji akanishukuru, na ile asante njo ilinishinda. Nikakaa ku kitanda yake.

"Mwanangu, ile simu nilijibu miye."

"Simu gani? Maman, na mizaha yako!"

"Dada," nikasema. "Ile nyumba. Iko kavu."

Mashine ikasimama. Aliniangalia mudomo, aliangalia tena, sawa vile anatafuta mutu ndani.

"Nilimutukana mutu bure," akasema. Safari hii alisema polepole. "Enda Walungu. Enda na miguu yako."

Nilimukuta mwalimu anachambua maharagi. Nikamuambia yote, ninaangalia chini. Hakunikata maneno.

"Fanya," akasema.

"Nifanye nini, mwalimu?"

"Ile yangu. Fanya niisikie."

Nikafanya. Alisikiliza mupaka mwisho. Hakucheka. Akaniomba simu, akaita mushonaji: "Dada. Ni mwalimu. Wa Walungu."

Ile sauti ya Katana nikaisikia inatoka mu simu, mbio mbio, na kilio ndani: "Maman, hata kule ungali unanicheka? Wacha! Nimechoka na wewe!" Akakata. Mwalimu akaita tena, na simu yake mwenyewe. "Dada. Nisikilize." Akakatiwa tena.

Alibaki anashika ile simu.

"Sasa miye niseme na sauti ya nani?"



Kesho yake aliacha darasa yake, akapanda gari na miye mupaka Bukavu, yeye mbele, miye nyuma. Mushonaji alimungoja afungue mudomo, akamuona anasema, njo akaamini. Akapiga magoti. Mwalimu akamuinua. "Kwangu. Iliisha. Lakini bale bengine?"

Tukaenda bote batatu mu lupango ya kanisa, saa ya kutoka misa ya mangaribi. Mushonaji akaita bamaman, akasema mwalimu hakudanganya mutu, aliyedanganya iko hapa, aseme mwenyewe. Bote bakanigeukia.

"Ni miye bayeresi," nikasema. "Nilidanganya, juu nilitaka lokateri."

Mumoja akaanza kucheka. Kiisha bengine. Banagongana mabega, banaulizana: "Pale anaiga nani?"