Kapasita ya Mama Chebet

Mimi ni fundi wa redio za magari hapa Eldoret, na wiki jana niliaibika. Mama Chebet, mwalimu kutoka Kimumu, alileta gari akilalamika kwamba taa zinafifia kila besi ya spika yake kubwa ikipiga. Nikamhubiria mbele ya wateja, "Mama, bila kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi umeme, hiyo spika kubwa itakusumbua tu." Akakubali. Jirani yangu Abdi, muuza betri, akaomba aangalie kwanza. Alipogusa waya wa betri, ukachomoka; kumbe ulikuwa umelegea, ndiyo maana taa zilikuwa zikififia.

"Hii ingeshika moto na watoto wakiwa ndani," akasema.

Namshukuru Abdi mpaka leo, maana ningeweka kapasita na hatari ibaki palepale.

Mama Chebet akanigeukia. "Fundi, si ni wewe ulifunga hii waya juzi?"

"Ni mimi, Mama."