Futeni Picha ya Zuhura

Jamani, mpaka sasa mkono wangu unaenda kwenye simu kumwandikia Zuhura kwamba wateja wanamuulizia. Halafu nakumbuka wiki hii tumemzika.

Kwa msiomjua: Zuhura ndiye yule dada wa madera pale Kariakoo. Tuligawana fremu moja ya duka, mimi upande wa mashuka, yeye upande wa madera. Wengi wenu mlikuwa mnaingia kwenye live zake kucheka tu, oda hamtoi.

Amekufa kwa saratani ya mji wa mimba. Naiandika wazi kwa sababu mwenyewe aliniambia niandike. "Usiwaambie nimeugua muda mfupi," alisema. "Mimi naumwa tangu nasoma, ila hakuna aliyeuita ugonjwa."

Waliuita unene.

Siku zake zilikuwa zinapotea miezi, zikija zinakuja kama bomba limepasuka. Ndevu alizing'oa kwa kibano asubuhi kabla hatujafungua, mimi nimemshikia kioo. Akimaliza ananiambia, "Haya, fungua duka, bi harusi yuko tayari."

Alijinyima, jamani! Chakula cha usiku alikisahau. Alikunywa maji ya limao, tangawizi, machai ya kila rangi, tumbo likamwendesha mpaka akashindwa kusimama dukani. Mwili haukupungua. Na bado kuna watu wakimwona anakula kipande cha muhogo wanaguna.

Mteja mmoja, hamjui wala nini, alimshika tumbo. "Hongera, shoga! Ni wa ngapi?" Zuhura akamjibu, "Wa kwanza. Baba yake chapati." Duka zima likacheka.

Yule mteja alipoondoka, Zuhura aliingia nyuma ya marobota, hakutoka mpaka adhuhuri.

Hospitali nako ni yale yale. Hajakaa vizuri kwenye kiti, ameshaambiwa, "Punguza uzito kwanza, dada." Alipoanza kutoka damu wiki hadi wiki, akaambiwa ni homoni zake tu, akipungua zitakaa sawa. Siku hiyo nilikuwa naye. Alisema, "Dokta, mwili wangu naujua, hii siyo ile ya siku zote." Yule mtu hakuinua hata macho. Akaandika vidonge. Saratani ilikuja kuonekana imeshaenea.

Inaniuma na inanikasirisha mpaka leo. Mgonjwa analalamikia damu, wewe unamjibu kilo?

Halafu akaanza kupungua.

Yarabi, mngeona Kariakoo ilivyofurahi! Waliokuwa wakiguna wakawa wanamkumbatia. "Mwenzetu, umependeza! Tupe siri!" Mama mmoja alitoka Magomeni mpaka dukani kuja kuuliza anatumia nini. Zuhura hali, chakula hakikai tumboni, shingo imebaki mifupa, na watu wanampa hongera. Hata siku aliyofungua biashara hakupongezwa hivyo.

"Kumbe walikuwa wanasubiri niumwe ndiyo wanione mzuri," aliniambia huku anacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Sasa ndiyo nafika kwenye lililonifanya niandike.

Kuna dada anauza chai ya kupunguza mwili, ghorofani, juu ya duka letu. Jina simtaji, mwenyewe anajijua. Alichukua picha ya zamani ya Zuhura kwenye ukurasa wake wa madera, akaiunganisha na nyingine aliyompiga akiwa amekaa dukani, hoi, kanga mabegani. Moja kaiandika KABLA, nyingine BAADA. Chini namba ya simu, delivery popote Dar.

Zuhura akampigia, mimi nipo pembeni. "Mdogo wangu, toa ile picha. Hiyo siyo chai yako, mimi naumwa."

"Da Zuu, mbona umependeza tu? Iache kidogo, inaleta wateja."

Siku za mwisho hakuongelea duka wala mali. Aliniomba kitu kimoja: "Nikienda, hakikisha ile picha inatoka."

Nilikuwa miongoni mwa waliomuosha. Tunajua sote, muoshaji hasemi alichokiona. Tulimshikia shuka juu muda wote, tukampitishia maji bila kumfunua. Hata shangazi yake mwenye maneno mengi alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza namwona Zuhura katikati ya watu na hakuna anayeusemea mwili wake.

Natoka nje, yule dada yuko kwenye mkeka na akina mama, analia kuliko wafiwa. Nikamwinamia nikamwambia, "Ile picha."

Akanijibu, "Shoga, tumalize msiba kwanza."

Haya. Matanga yameisha jana. Asubuhi hii nimefungua status yake: KABLA, BAADA. Kaongeza na vikopa vya mapenzi. Watu wanaulizia bei.

Wewe dada, BAADA ya Zuhura ni kaburi. Hicho ndicho unachowauzia wateja?

Na nyinyi mlioisambaza kwenye magrupu ya vikoba na ya kitchen party, futeni. Mkikutana nayo, ripotini. Na ukimwona mwenzako kapungua ghafla, muulize kama ni mzima kabla hujampa hongera. Ukimwona kanenepa, msalimie tu, mwambie mambo, upite.

Zuu wangu, wewe uliyekuwa unamwambia kila mwanamke anayeingia kwa aibu, "Dera halina saizi, mama, ingia humo ujiachie." Hukumtazama mtu tumbo hata siku moja. Upande wako bado nimeufunga, sijaweza kugusa nguo zako.

Sisi tulioweza kukugusa tumekusitiri. Waliobaki na picha yako nitawafuata mmoja mmoja, na naanzia ghorofani, sasa hivi, nikishabonyeza hapa kuposti.

Pumzika, Zuu. Huko hakuna wa kukupima kwa macho.