Mnara wa Mdogo Wangu

Jengo lile lilikuwa langu kabla mdogo wangu hajarudi Garissa. Tajiri mmoja wa ngamia kutoka Tarbaj, mzee ambaye mji mzima ulimwita Haji, alikuwa amenunua kiwanja kando ya barabara ya darajani, akataka mnara: maduka chini, ofisi katikati, nyumba za kupangisha juu, na urefu ambao msafiri angeuona kabla hajavuka Tana. Bosi wetu, mhandisi Mkamba aliyefungua ofisi hapa zamani, alinikabidhi kazi hiyo. Nilikuwa msanifu majengo wa pekee pale. Nilichora mnara wa pembe nne, ulionyooka, wenye baraza kila ghorofa, nikaurekebisha kwa miezi hadi nikawa nauona nikifumba macho.

Kisha mdogo wangu akamaliza chuo Nairobi. Mimi ndiye niliyemwombea kazi kwa bosi. Sikufikiri mara mbili. Ni ndugu yangu, tumetoka tumbo moja, na nilikuwa nimechoka kuwa mwanamke wa pekee ofisini.

Programu aliyokuja nayo haikufanya kazi kama nilivyozoea. Mimi nilichora mstari, nikikosea nikaufuta. Yeye aliipa kompyuta masharti: ghorofa ziwe ngapi, chini pawe na upana gani, juu upungue kiasi gani, kila ghorofa igeuke vipi juu ya ile iliyo chini yake. Halafu akasogeza alama moja kwenye kioo, na mnara mzima ukajisokota mbele yetu. Akairudisha, mnara ukanyooka. Akasogeza nyingine, ukanenepa kiunoni, ukachongoka juu. Kabla ya adhuhuri alikuwa amejaribu maumbo mengi kuliko niliyochora maisha yangu yote. Bosi alisimama nyuma ya kiti cha mdogo wangu kama mtu anayetazama mpira. Michoro yangu ilikuwa mezani pembeni, na mtu mmoja akaweka kikombe cha chai juu yake.

"Abaayo, kaa hapa nikuonyeshe," mdogo wangu akaniambia. Abaayo kwetu ni dada, naye alilitamka kwa upendo, na upendo wenyewe ndio uliniudhi. Nikamjibu kwamba nina madarasa ya kukagua Kotile. Safari ya Kotile ilikuwa ya wiki iliyofuata. Nilitoka nikaketi ndani ya gari la ofisi, vioo vimefungwa, kwenye jua la Garissa, hadi mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Nyumbani nako sikupata pa kupumua. Mama yetu alianza kuwaambia majirani kwamba binti yake mdogo anasokota majengo kama wanawake wanavyosokota kamba za kubebea nyumba kwenye ngamia. Nilikuwa nimejenga zahanati, shule, na kibanda cha wauza maziwa sokoni, na sikumbuki jirani hata mmoja akiitwa kuambiwa. Nilifikia kuomba umeme ukatike. Ulikatika kweli, siku ileile, na kompyuta yake ikaendelea kwa betri.

Haji alipokuja kuangalia, tulikaa sote chumba cha mbele. Tukiwa sisi kwa sisi tungezungumza Kisomali, lakini kwa ajili ya bosi kikao kilikwenda kwa Kiswahili. Mdogo wangu alimwonyesha mzee mnara uliojisokota, akamwonyesha pia jinsi jua lilivyopita juu yake tangu asubuhi hadi alasiri, na namna kila ghorofa ilivyoitupia kivuli ile ya chini. Mnara wangu aliuweka pembeni kwa kulinganisha. Kwenye kioo, ukuta wake wa magharibi ulikuwa mwekundu wote, alama ya joto.

"Mbona hii inajibinda?" Haji akauliza, p ikimtoka kama b kwa lafudhi ya Kisomali. Aliuliza kama mtu aliyependezwa.

Hapo ndipo nikasema. Nilimuuliza mdogo wangu, kwa sauti ya upole niliyoitayarisha tangu asubuhi, ni fundi gani wa hapa atakayefunga mbao za kumwagia zege kwenye nguzo inayoinama, tena inayoinama tofauti kila ghorofa. Nilijua hana jibu, kwa sababu hakuwahi kusimamia jengo hata moja. Akatazama kioo, kisha akamtazama bosi. Bosi alikohoa. Haji akasema basi tufikirie, akaomba viatu vyake.

Siku ile nilikula vizuri. Mdogo wangu hakula. Alifunga mlango wa chumba, na mama akawa ananitazama.

Asubuhi aliniwahi ofisini. Alikuwa amezinyoosha nguzo zote, zimesimama wima kutoka msingi hadi paa, na kilichogeuka sasa kilikuwa ukingo wa sakafu na baraza tu, kidogo kidogo kila ghorofa. Ukiutazama kutoka mbali mnara bado ulijisokota, na kivuli kilikuwa palepale.

"Nimeliweka swali lako ndani ya masharti," akaniambia. "Nguzo haziruhusiwi kusogea. Ahsante, abaayo, ningeaibika."

Hakuwa na hila hata chembe. Laiti angekuwa nayo, ningejua pa kuelekeza hasira yangu. Umbo lile lilikuwa zuri kuliko la kwanza, na uzuri huo niliuongeza mimi, nikikusudia kuuangusha mnara wake. Haji alilichagua kabla ya chai kuletwa. Ubao uliowekwa kwenye kiwanja ulikuwa na jina la mdogo wangu kama msanifu, na langu chini yake kama msimamizi.

Ghorofa zilipoanza kupanda, baba alikuja kutoka Rhamu, alikokuwa na shamba lake la vitunguu kando ya mto Daua. Tulimpeleka kuona. Alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, kichwa ameinua, kwa muda mrefu. Kisha akauliza ni nani kati yetu aliyekifikiria kitu kile.

"Sote wawili, aabo," mdogo wangu akasema.

Baba akanigeukia mimi. Ningeweza kunyamaza tu na ingetosha.

"Ni yake," nikasema. "Mimi nasimamia mafundi."

Akamwekea mdogo wangu mkono kichwani, akamwombea dua pale barabarani, bodaboda zikipita. Niliitikia amina. Nilitarajia kwamba kusema kweli kungenipunguzia uzito, lakini sikusikia nafuu yoyote, nikarudi kwa mafundi wangu.

Mwaka jana ofisi kubwa ya Nairobi ilimchukua. Mimi nilijifunza programu ile polepole, kwa video, nikiwa peke yangu, na sasa ofisi yetu imepata jengo refu Wajir. Nimejaribu maumbo mengi. Moja nilimtumia juzi, akanipigia simu papo hapo, akaniuliza nimefanyaje hadi upande wa magharibi ukabaki baridi vile bila baraza. Alikuwa anauliza kwa dhati; nilisikia akitafuta kalamu.

Nilimweleza. Sehemu moja niliiruka.