Mizani ya Insha

Niliwahi kuamini kwa moyo wangu wote kwamba insha hazisomwi, bali hupimwa uzito. Chengo, jirani yetu pale Mjambere, ndiye aliyeniambia, na Chengo hakuwa mtu wa kutiliwa shaka: mjomba wake aliendesha lori bandarini Kipevu.

"Wallahi," aliniapia, ingawa alikuwa Mkristo, "makontena yakipimwa, na insha nazo zinapitishwa mizani ile ile. Nzito inapita. Nyepesi inarudishwa kwa mwenyewe."

Hadi leo nikinusa karatasi mpya ya fulskapu, ule ukavu wake kama boksi la viatu, kabla sijajua huwa nimeshaipima uzito kiganjani.

Nilikuwa darasa la sita, na Mwalimu Riziki alikuwa ametangaza kwamba atakayeanguka insha ya mwisho wa mwaka atarudia. Kwa wengine hilo lilikuwa tishio la kawaida. Kwangu mimi, darasa la sita la mwaka uliofuata lilikuwa na Mwanaisha, mdogo wangu, anayekuja kutoka la tano na ulimi wake wote.

"Kaka," aliniuliza kila asubuhi tukinywa chai, "nikuwekee nafasi kwenye dawati langu? Wataka upande wa dirishani au wa ukutani?"

Mimi nilichovya hamri langu kwenye chai mpaka likameguka.

Siku ya mtihani Mwalimu aliandika ubaoni: Safari ambayo sitaisahau. Akatuagiza, kama kawaida yake, kwanza tuandike pembeni kwa penseli mistari mitatu: unatoka wapi, njiani kunatokea nini, unafika wapi. Nami safari nilikuwa nayo! Baba alikuwa dobi katika hoteli moja Shanzu, na likizo moja alinichukua nikaona mashuka ya kuifunika Kisauni nzima, na yeye mwenyewe, mtu mkali kama pilipili nyumbani, akiimba peke yake katikati ya mvuke. Hilo ndilo nililotaka kusimulia. Lakini penseli ina uzito gani? Niliwahurumia wenzangu wanaopoteza muda, nikaikandamiza kalamu ili wino uzame, nikaanza na alfajiri.

Alfajiri ile jamani! Nilitia majogoo arobaini, umande, adhana, jua kama sinia la shaba, na methali tisa. Nikapiga mswaki ukurasa mzima. Nikavaa shati kifungo kimoja kimoja, kwa kuwa kila kifungo kina uzito wake. Mkono ulivimba kama andazi. Nilipoinama kufunga kamba za viatu, kengele ikalia.

Siku nne nilingoja. Biriani ya Ijumaa niliila kama maboksi. Kila mlango uliobishwa niliona ni Mwalimu amekuja kumwambia mama. Mwanaisha naye akaniletea habari kwamba dirishani ameshapachukua yeye.

Nikapata nane juu ya arobaini.

Nilimfuata Mwalimu Riziki ofisini, machozi yakinitangulia. "Shikamoo Mwalimu. Naomba ipimwe tena."

"Marahaba. Ipimwe na nini?"

Nikamweleza yote: mizani, Kipevu, mjomba wa Chengo.

Basi nilirudia darasa, na ule ukuta niliujua ufa baada ya ufa. Baadaye shule niliiacha njiani, nikaja kuimalizia ukubwani kwa masomo ya jioni, ndevu zimeshanijaa. Huko kila insha niliianza kwa mistari mitatu ya penseli, wenzangu wakidhani ni ujanja wa kupata alama. Kumbe nilikuwa nikimfikiria mtu aliyeketi upande wa pili wa karatasi, ambaye utotoni sikujua kabisa kwamba yupo.

Maana Mwalimu siku ile hakunicheka. Aliichukua insha yangu, akaugeuza ukurasa wa mwisho kutazama kama kuna chochote nyuma yake, kisha akaiweka mezani taratibu.

"Hakuna mizani, mwanangu," alisema. "Ninasoma mimi. Na nimesoma mpaka mwisho nikingoja utoke nyumbani."